Fotei ya deni haipumzishi mutu

Mwanzo wa kipwa iliyopita, kamio moja ilisimama mbele ya nyumba ya ndugu mumoja wa kazi hapa Kipushi. Watoto wa njia yote walikimbia kuona. Vijana wane walishusha salon mupya: fotei moja ya watu watatu, mbili za mutu mumoja mumoja, zote za simili nyeupe, miguu ya rangi ya zahabu. Waliibeba ile kubwa mpaka ku mulango. Haikupita. Waliigeuza, wakaisimamisha, wakajaribu ku dirisha. Haikupita. Nyumba hizi za kambi zilijengwa kwa mutu mwenye kitanda, meza na viti vine. Mulango wake haukupimwa kwa fotei ya Dubai. Mwishoni walivunja kadri ya mulango pamoja na matofali mbili, na fotei ikaingia. Mama wa nyumba alipiga vigelegele.

Miezi mitano kisha, ndugu huyu alikuja kutuona. Hakuja juu ya fotei. Anatumika kwa kampuni moja ya sutretansi, jina hatutaji, mu mugodi moja ya hii provensi. Chefu wake alimuambia apande gari yenye freni zilikuwa mbaya, na yeye alipanda. Tulimuuliza: wewe uko muzee wa kazi, unajua haki ya kukataa, juu ya nini ulikubali? Alijibu: «Delege, nikikatala, bananifukuza. Na ile salon, njo nani atailipa?»

Mungu alisaidia, hakuna mutu aliumia siku ile. Lakini jibu lake lilitukaa mu kichwa. Sisi wa sendika tunazoea kuongea juu ya mushahara, kontra, kofia na viatu vya kazi. Leo tunaongea juu ya fotei, rido na rangi ya ukuta. Wengine watacheka. Wacheke, kisha wasome, kwa sababu mutu mwenye deni iko na bosi wawili, na bosi wa pili hajui likizo wala syku ya ugonjwa.

Tuseme wazi: hatupingi uzuri. Mutu anayetoka chini ya ardhi, mwenye vumbi mpaka mu masikio, anastahili kuingia mu nyumba nzuri na kukaa mahali pazuri. Bibi yake, anayebaki na ile nyumba siku nzima, anastahili vilevile. Tunachopinga ni bei ya uongo na deni ya bure.

Ile salon inatoka wapi?

Vyombo vingi vyenye tunaona mu magazini ya Lubumbashi vinafika mu kontena. Vinashuka ku bandari ya Dar es Salaam ao Durban, vinapita Zambia, vinaingia Kasumbalesa. Kila mahali kuna mutu wa kulipwa: meli, kamio, duane, mutu wa kati, mwenye magazini. Kisha unaongeza jina: «royal», «Italia», «modeli ya mwaka huu». Ukifika kulipa, sehemu kubwa ya pesa yako imelipa barabara na jina, haikulipa kiti.

Geuza fotei kama hiyo, uangalie chini. Mara mingi utaona kitambaa cheusi chembamba chenye kimeshikiwa na vyuma vidogo kama vile vya kushikia makaratasi. Nyuma yake kuna tripleksi nyembamba, mbao laini isiyorandwa, na pengine karton. Kabati nazo ni unga wa mbao uliogandishwa na kole, juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Mainza moja tu, maji yakiingia kidogo chini ya mulango, ile unga inavimba sawa mukate mu chai, na haitarudi tena.

Na hapa kuna kitu cha kuumiza moyo. Mu pori yetu ya Katanga kuna muti mwekundu, mukula. Mu miaka ya 2010 kamio na kamio zilibeba mukula kupita Zambia, kwenda Uchina, ambako mbao nyekundu inatengeneza vyombo vya watu wenye pesa. Ukataji ulizidi mpaka mu 2019 muti ule uliwekwa mu orodha ya CITES, mapatano ya dunia yenye kulinda miti na nyama za pori. Basi mbao yetu ngumu inaenda, na sisi tunapokea karton yenye rangi ya zahabu. Ni sawa na zinki. Zinki ya Kipushi inafunika mabati ili yasishike kutu, inatiwa pia mu rangi nyeupe. Lakini nyumba ngapi za Kipushi ziko na bati ya zamani yenye matundu, chini yake fotei ya simili nyeupe inangoja tone la kwanza la mvua?

Tufanye hesabu

Tutwae mufano. Salon inauzishwa dola 1 500 kwa mutu mwenye kulipa mara moja. Wewe hauna, unaambiwa: toa 500 leo, kisha 150 kila mwezi, miezi kumi. Mulomo wa muuzaji ni mutamu, ile 150 inaonekana kidogo. Hesabu mwenyewe: 500 na 1 500 ni 2 000. Umelipa dola 500 juu ya bure, yaani mifuko mingi ya unga wa bukari na minerval ya watoto.

Mwezi moja mutoto anagonjwa, unakosa ile 150. Unaenda kwa watu wa «banque Lambert». Wanakupa 200, mwisho wa mwezi unarudisha 300. Hauwezi, unaacha karte yako ya banki mu mikono yao. Kuanzia siku ile mushahara wako unapokelewa na mutu mwingine, wewe unapewa mabaki. Tumeona wandugu wenye hali hiyo, na mwanzo wa deni haukuwa ugonjwa wala kilio. Ilikuwa televizyo ya ukuta na fotei.

Mujue hii: Code du travail inalinda mushahara. Mutu mwenye kukudai hawezi kukamata mushahara yote. Sheria inaweka mupaka. Lakini karte yenye umeipeana mwenyewe, pamoja na namba ya siri, hakuna sheria inayoiona. Usiipeane kwa mutu yeyote. Na ile indemnité de logement yenye iko ku bultini yako, sheria iliiweka kwa ajili ya makao: kodi, bati, mulango, ukuta. Ianze pale.

Tusisahau 2003

Wenye miaka arobaini na zaidi wanakumbuka. Mugodi wetu, ule ulioitwa Prince Léopold wakati wa Union Minière, ulisimama mu 1993. Mu 2003 Gécamines, kwa pesa ya Banque mondiale, ilifanya ile «départ volontaire»: watu zaidi ya 10 000 waliondoka ku kazi na pesa yao ya mwisho mu mukono. Walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mushahara. Wakati ile pesa ilifika, wauzaji walijua siku na saa. Fotei, televizyo, gari ya okazyo, vyote vilipanda bei.

Sisi hatuwacheki wazee wetu. Wengi walilipa madeni ya zamani, masomo, dawa, wengine walijaribu shamba na biashara, na pesa ilikwisha kwa sababu ilikuwa kidogo kuliko haki yao. Lakini wao wenyewe wanatuambia: vile tulinunua kwa kuonekana, njo vilikuwa vya kwanza kuuzishwa, na kwa bei ya kutupa. Bati, kiwanja, mashini ya kushona, vile vilibakia. Leo, tangu 2024, mugodi wa Kipushi unatoa tena zinki, vijana wanapata kontra, na wauzaji wamerudi. Kosa lile lile linapiga hodi ku mulango.

Wazee walipamba vizuri bila kununua jina

Watu wanafikiri kupamba nyumba kulianza na telefone na picha za Instagram. Hapana. Union Minière, ilipoanza mu miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto, ilijenga kambi, na kisha foyer social, ambako mama walijifunza kushona na kufuma. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya meza na juu ya fotei, vyenye vinaonekana mpaka leo kwa bibi zetu, vilitoka pale. Kampuni ilikuwa na akili zake, ilitaka mufanyakazi mutulivu. Lakini mikono ilikuwa ya mama zetu, na kazi yao ilikuwa nzuri.

Na ku ukuta? Mu miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, zilikuwa na tablo: mamba muntu mwenye nywele ndefu, askari wa Colonie belge na watu wa minyororo, kijiji cha zamani. Wachoraji walichora ku kitambaa cha mifuko ya unga na kuuzisha nyumba kwa nyumba, bei ya mutu wa kazi. Mumoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya inchi yetu. Leo tablo zake karibu mia moja ziko mu muze ya Amsterdam. Mbele yake, tangu 1946, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege na wawindaji ku atelier ya Le Hangar, na leo tablo zao zinatafutwa mbali. Basi kile chenye baba zetu walitundika juu ya redio, Wazungu wanakiangalia nyuma ya kioo. Na sisi tunanunua picha ya plastiki ya mutelemuko wa maji wa inchi hatujui.

Hata Ulaya kuna watu waliochoka na bei ya jina. Mu Italia, mu 1974, fundi mukubwa wa kuchora vyombo, Enzo Mari, alitoa plani za meza, viti na vitanda, ili kila mutu ajitengenezee kwa mbao za kawaida, nyundo na misumari. Hakuomba bei ya plani. Alitaka watu wajue kiti kizuri kinasimama namna gani, ili wasidanganywe tena. Sisi tuna mafundi wanaojua hiyo tangu zamani, ku barabara ya Lubumbashi na mu kila karkie.

Mashauri yetu

*Mbele ya kununua, pima.* Twaa metre. Pima mulango, korido, na salon yenyewe. Chora ku chini na chokaa mahali fotei itakaa, kisha tembea. Kama mama hawezi kupita na sahani ya bukari, ile fotei ni kubwa. Mu nyumba ndogo, viti vine vyepesi na bango moja refu lenye sanduku ndani vinafaa kuliko mufalme moja wa simili.

*Jaribu kiti sawa vile unajaribu ngazi ya mugodi.* Inua kona moja ya mbele: mbao ikiwa nguvu, muguu wa pili unapanda upesi; ikiwa zaifu, fotei inajinyonga na kulia. Geuza, angalia chini. Fungua zipu, finya eponji: yenye kurudi polepole na kubaki na alama ya vidole itakuwa tambarare mbele ya mwaka. Simili, ujue, inapasuka ku jua na ukavu wa kipwa. Kitambaa chenye unaweza kutoa na kufua ni bora.

*Kwa fundi wa mbao, andika karatasi.* Tunapenda mafundi wetu, lakini tunajua pia maneno ya «njo kesho». Andikeni wote wawili: aina ya mbao, vipimo, bei, tarehe. Avansi isipite nusu. Uliza mbao ilikauka wapi. Mbao mbichi, hata ya mulombwa, utafurahi nayo mu mainza, kisha mu kipwa inajipinda na viungo vinafunguka. Mbao nzuri ilipangwa mu kivuli miezi mingi, vijiti katikati ili hewa ipite. Ku kiungo, omba mbao moja iingie ndani ya ingine na kole. Musumari peke yake ni kazi ya sanduku la nyanya.

*Nunueni pamoja.* Likelemba ya watu kumi, dola 40 kila mutu kila mwezi, inatoa dola 400 kwa mutu mumoja bila faida ya kulipa. Na mukienda kumi kwa fundi moja kuomba meza kumi za namna moja, bei itashuka, kwa sababu atanunua mbao mara moja.

*Ukuta mbele ya fotei.* Nyumba zetu za matofali za zamani zinanyonya maji kutoka chini. Ukiweka rangi ya mafuta, maji yanafungwa ndani na rangi inatoka vipande vipande. Chokaa inaacha ukuta upumue. Loweka chokaa, ichuje, tia chumvi kidogo, lowanisha ukuta, paka mara tatu nyembamba kuliko mara moja nzito. Linda macho, chokaa inaunguza. Na dari iwe nyeupe: siku umeme unakatika, mushumaa moja utafanya kazi ya miwili. Rangi ya zamani usiikwangue kavu, pengine iko na risasi ndani. Ilowanishe, na watoto wakae inje.

*Vumbi.* Hii ni ya maana kuliko yote. Mu 2009 profesa Banza Lubaba Nkulu wa Université ya Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, walitangaza vipimo vya mukojo vya watu wa Katanga. Wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali mingi mu mwili, zaidi kobalti, na watoto kupita wakubwa. Mutoto anatambaa, anaweka mukono mu kinywa. Mu kipwa upepo wa Kipushi unaleta vumbi ya mabaki ya mugodi mpaka ndani. Sasa fikiri tapi nzito yenye manyoya na fotei yenye mikunjo: ni maghala ya vumbi. Chini ya simenti laini, mukeka wenye unakung'utwa inje, rido nyepesi yenye kufuliwa: hii ni nzuri kuona, na ni dawa. Pangusa na kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Na nguo za kazi, viatu vya kazi, visiingie mu salon. Kama kampuni yako haina mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, hiyo utuletee sisi. Ile vita ni yetu.

*Weka kitu cha hapa ku ukuta.* Sahani ya shaba iliyopigwa kwa nyundo, tablo ya kijana anayechora mu karkie yako, foto ya baba na kofia yake ya mugodi. Bei ndogo, na mugeni atauliza habari yake. Fotei ya Dubai haina habari, iko na fakti tu.

Neno la mwisho

Tunajua kinachosukuma watu. Siyo mugongo unaouma. Ni macho ya jirani, maneno ya wakwe, na ile aibu ya kupokea mugeni ku kiti cha plastiki. Baba na mama wa nyumba, muongee nyinyi wawili kwanza, bultini ya mushahara juu ya meza, mbele ya kuongea na muuzaji. Wahenga walisema mutu hujikuna anapojipata. Kujikuna mahali mukono haufiki, unaita mukono wa mwingine, na ule utakukwaruza.

Na mukumbuke kitu moja chenye sisi wote tumeona. Siku ya kilio, vijana wanakuja asubuhi, wanatoa fotei zote inje. Mama wanakaa chini, ku mikeka na matela, na nyumba inajaa watu. Hakuna mutu anauliza salon ilitoka wapi. Wanauliza kama marehemu aliacha deni.

Ndugu yetu wa fotei nyeupe, tulikaa naye, tukafanya hesabu. Aliuzisha viti viwili vya mutu mumoja, akamaliza deni mbele ya Noeli. Ile kubwa ilibakia, kwa sababu kuitoa kungeomba kuvunja mulango tena. Lakini wiki iliyopita alituletea habari: waliomba tena apande gari yenye hali mbaya, na mara hii alikataa, pamoja na wenzake wawili, na gari ilipelekwa ku garaji. Alikuja kwetu akicheka: «Leo njo nimelala muzuri ku ile fotei.»